Malimau Juu ya Marumaru ya Memsahib

Kitale, shambani kwa Bwana

Mama yangu mpendwa,

Keti chini kwanza, maana wewe si mama wa mtu wa kawaida tena. Kuanzia stesheni ya Kitale mpaka Suam hakuna mtu, mweupe wala mweusi, anayejua mawe kama mwanao. Jiwe likiniona linajinyoosha lenyewe. Najua dada Nasimiyu anayekusomea amebinua mdomo hapo. Abinue. Yeye alifika darasa la nne na mimi la pili, lakini ni nani kati yetu amemchagulia Memsahib, mke wa Bwana, ukuta?

Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa saruji na baridi ya huku inauma masikio. Mgongo wako je? Bibi yetu Kukhu bado anakohoa asubuhi? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, ama bado anawadanganya tu na tumbo lake?

Unajua Mjomba Wafula, ndugu yako, ndiye alinileta huku nimsaidie kazi ya mawe. Bwana amejenga nyumba mpya, na Memsahib alitaka marumaru ya kijani sebuleni, kuzunguka mahali pa moto. Mama, hawa watu wanawasha moto ukutani na hawapiki kitu. Wanautazama tu. Basi vikaja vipande vitatu vya kuchagulia, kutoka Ulaya, vimefungwa kwa nyasi kavu kama mayai. Memsahib akavipanga kwenye meza, akageuza kichwa huku na huku, akashindwa. Kwa mzaha akaniuliza, kwa Kiswahili chao cha kuvunjika, "Wewe boi, nataka gani?"

Si nilimjibu! "Hii ya giza itameza mwanga wote, Memsahib, chumba kina dirisha moja. Hii hafifu ni kama maji ya mboga. Chukua ya katikati, yenye mishipa myeupe. Lakini toa hayo mapazia ya kijani, kijani mbili zitapigana."

Mjomba alinikanyaga mguu mpaka nikaona nyota. "Funga mdomo, bana, utatufukuzisha!" Lakini mapazia yalitolewa, kuta zikapakwa rangi ya maziwa, na jiwe lilipofika lilikaa pale kama msitu wa Elgon baada ya mvua. Na unajua nini? Nilimsikia Memsahib akimwambia jirani yake ati alifikiria yote mwenyewe. Mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo hapo nikifuta sakafu.

Mjomba ndiye aliyeliweka. Nitasema ukweli, sijaona mikono kama ile. Mabamba mawili yalikatwa kutoka jiwe moja, na yeye alikaa siku mbili akiyageuza juu ya magunia, akiyalowesha aone rangi yake ya kweli, mpaka mishipa ya hili ikaingia kwenye mishipa ya lile kama kitabu kilichofunguliwa. Hapo tu ndipo alipoita saruji. Na alinionya: "Hili si sufuria ya mama yako. Maji safi na kitambaa laini, basi. Ukilipaka kitu kingine utaliua."

Siku moja kabla ya wageni wa Memsahib kuja kuiona sebule, Mjomba alienda stesheni kuchukua sanduku la mwisho la mawe. Mimi nikabaki. Nikaona utando wa saruji umekauka juu ya jiwe, mweupe mweupe, unanikera. Maji hayakuutoa. Nikasema, huyu mzee ataniambia nini kuhusu kusugua, mimi niliyekuona wewe kila Jumamosi ukiyang'arisha masufuria kwa majivu na limau mpaka nikajiona meno? Nikachuma malimau nyuma ya jiko la Memsahib, nikachukua majivu, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Jiwe likatoa povu dogo dogo. Nikafurahi, Mama! Nilidhani ni uchafu unaotoka.

Lilipokauka, mng'ao ulikuwa umekwenda. Mabaka tu, ya kijivu, kama miguu ya mtu aliyetoka vumbini bila mafuta. Kumbe lile povu lilikuwa jiwe lenyewe likiliwa.

Mjomba alirudi akasimama mlangoni. Hakunigombeza. Alipitisha kiganja juu ya jiwe, akavuta pumzi, akasema, "Litarudi. Ni kazi ya wiki tatu, lakini litarudi." Hatukupewa hata siku tatu. Bwana aliingia na buti zake za matope, akaona, akawa mwekundu kama nyanya. Akamwambia Mjomba atoe kipande chake, ile karatasi ya kazi wanayotuvalisha shingoni ndani ya kibati, akaandika kwa wino kwamba huyu ni fundi mbaya, anaharibu mali. Miaka kumi na minane ya kazi, Mama, na kwenye karatasi ile hapakuwa na neno moja baya. Sasa mwajiri yeyote, awe wa hapa ama wa Eldoret, atasoma hayo kabla ya kumtazama usoni. Ati haki yao! Mtu hajui hata mwiko wa saruji unashikwa upande gani, lakini kalamu anayo.

Mimi wamenibakiza. Kila asubuhi napiga magoti sebuleni nasugua kwa mawe laini na maji, kama Mjomba alivyonionyesha akiwa tayari amefunga blanketi lake. "Usikaze mkono," aliniambia. "Uache uende wenyewe." Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea Misikhu.

Atafika kwako kabla ya barua hii ama baada yake. Watu wa hapo nyumbani Sirisia watasema alilewa kazini. Na wewe, nakujua, utamuuliza kwa nini amemwacha mtoto wako peke yake kwa Wazungu. Usimuulize. Mpe chakula cha moto na umwekee kiti.

Nisalimie Kukhu, na baba mdogo wa upande wa mtoni, na mke wa Mjomba. Huyo msalimie kwa sauti ya chini. Nasimiyu naye nimemsamehe mdomo wake.

Kuna jambo sikuliandika pale juu. Bwana aliuliza kabla ya kuandika. Alisimama mbele yetu wawili akasema, "Nani nafanya hii?" Mjomba aligeuka upande wangu. Alinitazama tu, akaningoja. Nami nikasema, "Ni fundi aliniambia nipake limau."

Mwanao,
Wanjala