Bafu la Juu, Chumba cha Mama Mkwe

Mahajanga, 29 Julai 1964

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu upesi, maana siwezi kumuuliza fundi yeyote wa hapa Mahajanga bila habari kufika nyumbani kabla yangu, na Kiswahili hiki nilikipata Unguja nilipokuwa nikijifunza kazi ya vigae, nyumbani kwetu tunasema Kingazija na sokoni Kimalagasi, kwa hiyo gazeti lako halisomwi na mtu hapa ila mimi na mabaharia wanaoniletea.

Mama, kwetu sisi nyumba ni ya mwanamke, hujengewa na wazee wake, mume huingia na sanduku lake la nguo tu, basi nilipomwoa Koulsoum miaka mitatu iliyopita niliingia nyumba ya mama yake, Bi Sittou, nyumba ya ghorofa, sakafu ya juu ni ya mbao, nikaona haya kuishi mahali ambapo hata msumari si wangu, nikaahidi kuwatengenezea bafu juu, la vigae vyeupe na buluu, nikaagiza mabunda mawili ya karatasi ya lami ya kutandika chini ya vigae ili maji yasifike kwenye mbao. Lakini nilikuwa na kazi nyingine kisiwani Nosy Be, nyumba ya tajiri mmoja, na lami ya kazi ile ilichelewa, nikachukua ile ya nyumbani nikaitumia kule, nikisema nitanunua nyingine, na niliporudi Mfaransa aliyekuwa akiuza vifaa alikwisha kufunga duka akaenda kwao kama wengi walivyofanya baada ya uhuru, na Bi Sittou kila siku ananiuliza, "Mkwe, bafu lini?" ndipo nikapaka mbao rangi ya mafuta mara mbili, nikamwaga simiti juu yake, nikabandika vigae.

Wanawake wa mtaa mzima walikuja kuliona, Koulsoum anawaambia ni kazi ya mume wangu, na sijapata kuona raha kama ya siku ile.

Sasa dari ya chumba cha chini, anamolala na kusali Bi Sittou, ilianza kutoka doa, kisha ikadondosha maji, na nilipoulizwa nikasema ni bati limetoboka na maji yanateremka ndani ya ukuta, nikapanda paani nikagongagonga nyundo pasipo na tundu, na yeye akanisubiri chini ya ngazi akaniombea dua, na kikohozi kimemshika tangu masika. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu nikachoma boriti inayobeba bafu kwa kisu, kikazama mpaka mpinini, boriti imelainika kama muhogo uliochemka. Na Alhamisi tarehe 20 Agosti mdogo wake Koulsoum, Roukia, anaolewa, na mashangazi wamekubaliana kumwogesha bi harusi katika bafu langu, wanawake kumi na zaidi na mapipa ya maji, kwa kuwa ndilo zuri kuliko yote ya ukoo. Nikisema ukweli nitatoka na sanduku langu. Je, kuna dawa ya kupaka juu ya vigae, kwenye viungo, izuie maji mpaka harusi ipite, kisha nitengeneze kimyakimya? Nakuomba unibadilishie majina.

Wako katika dhiki, Athoumani

JIBU

Athoumani, majina nimebadilisha. Kwa hilo tu nimekutii.

Dawa ya kupaka juu haipo. Marehemu mume wangu alikuwa mkandarasi hapa Mombasa miaka ishirini na sita, na wewe unajua alichokuwa akijua: kigae hakipitishi maji, lakini viungo vyake vinapitisha, na simiti inanyonya. Ukiziba juu, maji yaliyokwisha kuingia yatabaki ndani yakila boriti iliyosalia. Wala tatizo lako leo si maji tena. Ni uzito: wanawake kumi na mapipa juu ya boriti iliyooza.

Nakuonea huruma kwa jambo moja. Kuishi katika nyumba isiyo yako kunamla mtu, na naelewa kwa nini bafu lile ulilipenda. Lakini ulichoma kisu kwenye boriti, ukajua, ukachomoa kisu, ukakaa kuniandikia barua. Hata kitanda cha yule mama hukukisogeza. Amekuombea dua chini ya ngazi nawe ukaitikia amina.

Barua yako ilinifikia Ijumaa tarehe 14. Gazeti hili huwafikia huko baada ya wiki mbili, kwa hiyo kukujibu hapa peke yake kungekuwa mchezo. Niliangalia anwani nyuma ya bahasha, nikamwendea karani mmoja wa meli anayejua Kifaransa, tukapeleka simu ya maandishi, si kwako, kwa mkeo: "Msiingie bafu la juu. Sakafu imeoza. Mama asilale chini yake. Mumeo anajua." Hukuniruhusu. Sikuhitaji ruhusa yako.

Jumatatu nimepata jibu la Koulsoum: "Bafu tumefunga. Mama amehama. Boriti tumeiona. Athoumani ameondoka, hatujui alipo."

Kwa hiyo nakuandikia popote ulipo, na nadhani uko Nosy Be. Rudi na lami. Tegemeza dari kwa nguzo kutoka chini kabla hujagusa chochote juu. Ng'oa vigae vyote kwa tindo, usibakize hata safu moja kwa kuionea huruma. Toa mbao zilizooza na boriti, weka mpya zilizokauka. Tandika karatasi ya lami tabaka mbili, zipandane kwa upana wa kiganja, ubandike kwa lami ya moto na kuipandisha ukutani mpaka magotini, wala msumari usiitoboe. Juu yake wavu wa waya wa banda la kuku, kisha simiti yenye mtelemko kuelekea tundu la kutolea maji. Kabla ya kigae cha kwanza, ziba tundu, jaza maji vidole vinne, uyaache usiku na mchana, na wewe mwenyewe ukae chumba cha chini ukitazama dari.

Wakisema hawakutaki, hiyo ni haki yao. Omba radhi, maliza kazi, chukua sanduku lako. Utakuwa umefukuzwa na watu walio hai.