Mto wa Kukalia Ndegeni

Dzaleka, Julai 1999

Mdogo wangu Delphin,

Hapa kambini tuko wazima, na nsima, ugali wa huku, imeninenepesha. Sokoni Old Town nilipata koti la askari la kuzuia risasi. Kitambaa chake cha ndani ni chepesi, ila kimeushinda mkasi wangu. Nimekikunja tu, nikakushonea mto wa kukalia, kwa kuwa ndege yenu ya mizigo hupigwa risasi kutoka chini. Nilipima kwa makalio yangu, kwani ya ukoo wetu yanafanana.

Mkeo Solange aliugusa, akauliza, "Shemeji, risasi ikipata rubani, bwana yangu atakalia huo mto mpaka wapi?"

Basi mpe rubani. Wewe kalia gunia la maharage. Solange anaomba uchague lililojaa.

Kaka yako fundi,
Mulenda