Kimeli Ndani ya Beseni

Rhonda, Nakuru
4 Machi 2024

Dada Jebet,

Bwana asifiwe. Mguu unaendeleaje? Na ng'ombe wameacha kukohoa? Sisi tuko salama, ni vumbi tu.

Dada, kaa chini. Unajua mimi huoshea Tanveer picha pale studio. Juzi tulifungua sanduku la marehemu babake, tukapata negativu yako ukiwa umembeba Kimeli, kifungua mimba wako, siku chache kabla hajatuacha. Nililia. Kisha nikaomba ruhusa niichape mwenyewe kwa platinamu na paladiamu, madini ambayo picha yake haififii.

Lakini imetoka manjano. Shali, mashavu, yote. Nikakumbuka ule ugonjwa wake, vile hata macho yaligeuka manjano. Hiyo sikutumii. Niombee nijaribu tena.

Mdogo wako,
Jepkorir

Keringet
15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa jina la Yesu. Mguu afadhali. Ng'ombe wanakohoa kama kwaya.

Umeniambia nusu. Hiyo manjano inatoka wapi, kwa karatasi ama kwa dawa? Na mtu anaoshaje picha bila kuiosha yote ikaisha? Nieleze, usinifiche kama mgonjwa. Jepkorir, uso wake umenitoka. Nikifunga macho kuomba, naona shali tu. Nataka kumwona.

Dadako,
Jebet

Rhonda
9 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini hujambo, na mvua imefika huko. Nimekawia, nilikuwa nashindana na maji.

Sasa sikia maajabu. Karatasi hupakwa dawa yenye chuma, nacho ndicho husaidia jua kuchora picha. Picha ikishatokea, chuma lazima kitoke. Kikibaki, ndiyo manjano. Tunakitoa kwa asidi, ile kali kama ya limau, beseni baada ya beseni. Platinamu yenyewe haijali, inakaa tu.

Kumbe usafi wangu ndio uliniponza! Nilisuuza kwanza na maji ya kisima, kama mtu anasuuza kikombe. Tanveer akacheka: "Mathe, maji yetu yana magadi, yanafungia chuma ndani! Asidi kwanza, maji baadaye."

"Ungeniambia kabla sijalia, boss."

Leo nimechapa nyingine, nikaanza na asidi. Nimesimama hapo nikiimba polepole, na shali ikawa nyeupe nikiiangalia. Nikajiuliza, dada, Mungu naye hututoa uchafu hivyo, bila haraka, akituachia sura? Wewe unaonaje?

Yuko ndani ya bahasha.

Mdogo wako,
Jepkorir

Keringet
22 Aprili

Mdogo wangu,

Amani kwako na kwa Tanveer. Picha imefika bila kukunjika. Mume wangu Bethwel ameisimamisha juu ya redio, na hakuna jirani aliyepita bila kuitwa aione. Mke wa pasta akasema, "Aki huyu mtoto alikuwa na afya!"

Nimemtazama siku nzima. Ni mzuri, na mikono yako ibarikiwe. Lakini huyu mwenye afya sikuwahi kumbeba. Wangu nilimjua akiwa manjano.

Kama hujaitupa ile ya kwanza, nitumie. Usiioshe tena.

Dadako,
Jebet