Siku Tuliyousikiliza Mguu wa Babu Yako

Mjukuu wangu Masika,

Hapa Bwera tunakusalimu sote. Babu yako bado anajifunza kutembea na magongo.

Umeuliza kwa nini alikubali kukatwa mguu. Mwanzoni alikataa kabisa. Kule hospitalini Kasese daktari akampaka mafuta baridi, akapitisha pajani altrasaundi, kile kifaa cha kusikilizia damu, tukasikia damu ikivuma. Gotini ikawa hafifu. Karibu na vidole, kimya.

"Pima tena," babu akasema.

Daktari akapima. Kimya.

"Mzee, huku damu haifiki. Mguu umeshakufa, na utakuua."

Babu akanishika mkono. "Biira, wewe umesikia?"

Nilitamani kumwambia nimesikia.

"Sijasikia kitu, mume wangu."

Akamgeukia daktari. "Basi, muukate."

Ukipiga simu, mwongeleshe babu yako habari nyingine, si za mguu.

Bibi yako,
Biira