Wasichana Wawili na Nusu

Jumatatu, 10 Julai 1995

Nimerudi kutoka semina. Siku tatu pale mjini, chai na andazi moja, na mwezeshaji anayesema "kwa hiyo basi" kila akimeza mate. Lakini kitu nimepata. Somo lilikuwa kuonyesha takwimu kwa michoro. Badala ya kujaza tarakimu, unachora. Mchoro wa mtu mmoja unasimama badala ya watu kumi. Hata asiyejua kusoma anatazama tu, anaelewa. Miaka tisa nawaandikia watoto asilimia ubaoni, na mimi mwenyewe sizioni! Nilijiona mjinga, halafu nikafurahi.

Nimepewa karatasi za manila nne na maka peni tatu. Nyeusi, bluu, nyekundu. Kutoka stendi nilizikumbatia kama mtoto mchanga. Pale barabara ya Shinyanga upepo ulivuma, nikaacha mkoba uanguke, nikaokoa manila.

Jumatano, 12 Julai

Nimeifukua rejista ya 1989. Mwaka ule Darasa la Kwanza lilipokea wasichana sitini. Leo hao hao wako Darasa la Saba, nao ni ishirini na tano. Nikampelekea Mwalimu Mkuu, Obedi. Akasema labda wengine wamehama. Nikamwambia hawawezi kuhama thelathini na watano, hii si kambi. Akacheka, akasema sisi Wahaya tunapenda ubishi. Ila amekubali: chati itundikwe Jumamosi kwenye kikao cha wazazi. Wazazi waone wenyewe.

Mchoraji ni Odeta. Nani mwingine? Akikosa karatasi huchora kwa mkaa kwenye mawe nyuma ya vyoo. Mbuzi, bibi yake, na mimi. Kwenye jiwe lile nina makalio makubwa sana, sijamuuliza kwa nini. Ana akili, mtoto huyu. Akifanya mtihani wa mwezi wa tisa, sekondari anakwenda.

Akifanya. Nimesikia shangazi yake wa Sengerema kavunjika nyonga na ana mtoto wa miezi miwili, na baba yake anataka Odeta avuke ziwa akasaidie. Mama hana, alifariki Odeta akiwa Darasa la Pili, amelelewa na bibi. Nikamuuliza. Akasema bado hawajaamua. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Nampenda. Mwalimu hatakiwi kuwa na mwanafunzi kipenzi darasani, basi naandika huku ambako hakuna anayesoma.

Ijumaa, 14 Julai

Chati imekwisha. Safu ya juu: wasichana sita, sketi za bluu, wamenyooka vizuri. Safu ya chini: wawili na — hapo tukakwama. Ishirini na tano ni wawili na nusu.

"Nusu gani, mwalimu?" Odeta akauliza.

Nikamwambia amkate katikati, kichwani mpaka chini, abaki upande mmoja. Jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Akakaa na maka mkononi. Akauliza kama hatuwezi kumchora mzima, ila mdogo. Nikamjibu kwa ukali kwamba mdogo ni mdogo na nusu ni nusu, hesabu haina huruma. Nilisema hivyo kweli! Nikiandika naona aibu kidogo.

Akamchora. Ule mstari wa kukatia aliuvuta kwa maka nyekundu, mara moja, bila rula. Ukanyooka kabisa.

Jumamosi, 15 Julai

Yameharibika.

Wazazi walijaa, wengine wamesimama dirishani. Nikatundika manila. Nikaanza kwa sauti ya semina: watoto wenu wa kike walikuwa sitini. Pakawa na mnong'ono. Mimi nikadhani wameguswa! Nikaendelea. Leo wamebaki ishirini na tano. Nikaonyesha kwa fimbo, mmoja, wawili, na nusu.

Bibi yake Odeta akainuka kule nyuma. Akaja taratibu mpaka mbele, hana haraka yoyote. Akavua kanga ya mabegani, akaitundika juu ya yule wa nusu, akamfunika. Akasema sentensi moja kwa Kisukuma, akatoka. Kina mama wakamfuata. Hakuna aliyepiga kelele. Dakika tano, chumba kitupu.

Nikamuuliza Obedi bibi kasema nini. Akanitafsiria: mtoto aliyekatwa haachwi wazi, watu wakamtazama.

Aliyebaki ni baba yake Odeta, Mzee Shimba. Mrefu, kofia mkononi. Akasogea kwenye manila akaangalia kwa makini kuliko mtu yeyote.

"Mwalimu, katika hawa, wa kwangu ni yupi?"

Nikamweleza kwamba hakuna wa mtu hapo, kila mmoja anasimama badala ya kumi.

"Kwa hiyo hayumo," akasema. Akavaa kofia yake, akaondoka.

Jumapili, 16 Julai

Baada ya misa Obedi kapita kwangu. Kanieleza polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake habari ya msiba. Huku wazee hawahesabu watoto mbele za watu. Ng'ombe pia. Ukimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi atakwambia wapo. Ukitaja idadi ni kama umekiita kitu kije kupunguza. Na mimi nimehesabu, kisha nikapunguza, kisha nikakata. Kwa rangi nyekundu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alidhani najua, miaka tisa niko Buhongwa. Miaka tisa! Nilimkasirikia, nikaikasirikia semina, nikalia. Yeye akakaa tu pale anakunywa chai yangu mpaka nikamaliza. Ni mtu mwema, nikiwa mkweli.

Jumanne, 18 Julai

Odeta hayupo. Jana pia hakuja. Winnie anayekaa naye dawati moja anasema bibi kasema mwalimu amemkata mjukuu wake kwa mkono wa mjukuu mwenyewe, na shule hiyo basi. Sengerema imeshaamuliwa. Anavuka na feri ya Kigongo Jumamosi ya tarehe 29.

Mimi ndiye niliyefanya hivi. Shangazi alikuwa sababu, ila mlango niliufunga mimi.

Alhamisi, 20 Julai

Nimekwenda kwa kina Odeta baada ya vipindi. Ni mbali, nyuma ya yale mawe makubwa, pamba imeshavunwa, yamebaki mabua. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Umuhimu wa elimu kwa mtoto wa kike, pointi ya kwanza mpaka ya nne.

Nikajaribu salamu ya Kisukuma, "mwadila", watoto wa uani wakacheka. Bibi hakucheka. Nikapiga magoti kama ninavyowapigia wazee kwetu Muleba. Shikamoo bibi. Marahaba ilichelewa mpaka magoti yakaniuma, lakini ilikuja. Nikamwambia nimekosa, sikujua, sikumtakia mtoto mabaya. Aliendelea kuchambua choroko. Baadaye kidogo akasukuma ungo upande wangu, nikachambua naye.

Mzee Shimba akaja kutoka zizini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Kanieleza habari za dada yake.

"Hawezi kunyanyuka kwenda msalani, mwalimu. Nimtume nani?"

Pointi zangu zote nne zikayeyuka.

Odeta kaniletea maji ya kunywa bila kuniangalia. Lakini kanisindikiza mpaka njia panda. Hapo kasema, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tungewachola wote."

Wote nani?

"Wote. Mmoja mmoja."

Ijumaa, 21 Julai

Amekuja! Kabla hata kengele haijagongwa, yuko mlangoni na sare yake. Nikadhani mambo yamebadilika. Hapana, safari iko pale pale. Ila bibi kamtuma: nenda ukamuunge uliyemkata. Kampa siku hizi zilizobaki.

Tumechukua manila mbili safi, tukaziunga kwa gundi ya unga wa muhogo. Hakuna tarakimu. Hakuna "mmoja sawa na kumi". Kila msichana ni yeye.

Jumatatu, 24 Julai

Wasichana wanakuja kwa zamu, wanakaa mbele ya Odeta kwenye dawati. Amenifukuza nyuma yake, eti nampumulia. Winnie ana pengo, kalichora. Dorotea ana sweta iliyotatuka kiwiko, akaomba ichorwe nzima, Odeta akakataa, wakanuniana mpaka mchana.

Huanza na mstari wa nje, mwili wote, mwembamba. Macho huyaweka mwisho. Huyagonga kwa ncha ya maka, ko, ko, dawati linalia, na hapo ndipo mtoto anakuwa mtu. Nimemuuliza kwa nini mwisho. Anasema akianza na macho, wanamwangalia, anakosea.

Walioacha shule je? Nilidhani tutawaacha. Odeta kasema hapana, nafasi zao zipo. Anachora mstari wa nje tu. Sketi, mabega, kichwa. Ndani patupu, macho hakuna. Wengine anawakumbuka kwa majina. Evelina, aliyeolewa Misungwi. Yule aliyekwenda kulea mtoto Kiseke. Wale wa Darasa la Tatu waliopelekwa kuchunga na hawakurudi.

Nilianza kuwahesabu. Nikajiuma ulimi.

Jumatano, 26 Julai

Sikuitisha kikao. Tumeitandika tu ile manila kwenye madawati, milango wazi. Habari ikatembea yenyewe. Kina mama wakaanza kuja wakitoka kisimani, ndoo wameziacha nje. Hakuna aliyeuliza chati inasema nini. Kila mtu anatafuta wake. Mama Winnie kaliona lile pengo, kacheka mpaka kajifunika uso.

Halafu mama mmoja simjui, mwembamba, mgongo umepinda kidogo. Kapita wote wenye macho. Kasimama kwenye wale watupu. Kaweka kidole.

"Huyu ni Angela wangu," kasema.

Hakuna aliyemwambia. Ni mstari tu wa nje, lakini Odeta alimkumbuka alivyokuwa anasimama, mguu mmoja juu ya mwingine. Mama akakaa na kidole chake pale. Wengine wakasogea, wakasimama naye. Hapo nikaelewa kwamba semina nzima sikuwa nimeelewa kitu.

Bibi alikuja mwisho. Alitazama sana. Kisha kachukua kanga yake, ile ile, niliyokuwa nimeikunja kabatini tangu siku ile. Kajifunga mabegani. Kwangu hiyo ni marahaba ya pili.

Walipoondoka nikaona kitu. Mwisho wa safu ya mwisho, pembeni kabisa, pameachwa nafasi. Hakuna msichana, hakuna hata mstari. Na Odeta hayumo popote.

Nikamuuliza.

"Sijui nijichole upande gani, mwalimu."

Nikamwambia aoshe mikono, ina wino.

Alhamisi, 27 Julai

Baba hajaja kuiona. Obedi kasema anaweza kumwandikia barua rasmi. Nimemwambia asithubutu.

Nimefikiria shangazi. Nimefikiria kwenda Sengerema mimi mwenyewe likizo ifike, nikamwogeshe huyo mama nisiyemjua. Likizo ni baada ya mtihani. Upuuzi. Lakini nimefikiria.

Ijumaa, 28 Julai

Naandikia magotini, nimekaa ngazini nje ya darasa. Saa kumi jioni. Watoto wameshaondoka.

Mzee Shimba kaja kumchukua Odeta. Kesho ndiyo feri. Kavua kofia mlangoni. Kaniamkia vizuri, nikamwamkia. Kisha kaiona manila.

Kaanza mwanzo. Kidole juu ya kila uso, anasogea, hahesabu, anatafuta. Safu ya kwanza hayumo. Ya pili hayumo. Kafika kwa wale wasio na macho, kidole kikaenda polepole zaidi. Hayumo. Odeta amesimama ukutani, anamtazama baba yake tu. Nami nilitaka kusema, nikasema moyoni nyamaza, Jovitha, kwa mara moja katika maisha yako.

Kafika kwenye nafasi tupu. Kidole kikasimama.

Kauliza kitu kwa Kisukuma, chini chini. Nilishika jina la Odeta na la Sengerema, basi. Odeta kachukua maka nyeusi mezani, kamnyooshea.

"Sijui kuchola," kasema baba. Kwa Kiswahili, kana kwamba ananiambia mimi.

Odeta hakurudisha mkono. Nikatoka.

Niko hapa. Dirisha liko wazi juu ya kichwa changu. Walikuwa wanaongea, sasa wamenyamaza. Nimesikia kifuniko cha maka kikitoka.

Inakwaruza. Polepole, inasimama, inaanza tena. Odeta huchora haraka. Huu si mkono wa Odeta.

Ni mstari mrefu. Utakuwa wa nje, mabega na sketi. Bado huo haujasema kitu. Wote huanza hivyo, waliomo na wasiokuwemo. Mungu wangu, mzee wa watu anapumua kama amebeba gunia.

Imesimama.

Nahesabu pumzi, sijali.

Ko.

Jicho moja. Nimesikia vizuri, dawati limelia. Moja tu. Bado hajaweka maka chini —