Saumu ya Kila Jumatano

Mwenzangu, uko? Usinipigie, sauti haitatoka. Soma tu.

Miaka sita sijatia kitunguu saumu kwenye sufuria yangu. Unajua nilivyokipenda. Mume wangu alisema kinamchefua, nikaacha.

Leo nimempelekea mama mkwe dawa zake. Jikoni nikamkuta nani? Mume wangu, anatwanga kitunguu saumu. Anatwanga mwenyewe, mwenzangu.

Mama mkwe akacheka: "Huyu tangu mdogo hali mchuzi bila saumu. Kila Jumatano anakuja nimpikie."

Kila Jumatano. Mimi huambiwa ana kikao kazini.

Nikamuuliza: "Si ulisema kinakuchefua?"

Hata mchi hakuuweka chini. "Sikutaka nyumba yangu inuke kama kwa mama yako."

Kama kwa mama yangu. Marehemu mama, aliyenifundisha kushika mwiko.

Sasa niko jikoni kwangu. Nimekaanga punje kumi mpaka zikageuka rangi ya asali, na madirisha nimeyafunga. Yeye yuko sebuleni, anakohoa makusudi ili nimsikie.

Nazila na mkate, nimesimama hapa hapa jikoni. Ni tamu mpaka machozi yananitoka. Yeye sijampakulia.