Wimbo Ulioimbwa Nusu

Gereji kwa Honi,
Nyuma ya soko la mbao.
Jumatatu, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Na shemeji, bado anakohoa kama lori la dizeli asubuhi? Sisi huku wazima. Mama hajambo, ni goti tu limegoma, na tumbo langu linaendelea kunitangulia kila niendapo. Gereji nayo inakwenda. Sijisifu, lakini mtaa huu ukitaka kujua kama injini imekufa au imezimia tu, unaniita mimi.

Najua macho yako yanaruka mistari kumtafuta mwanao. Tulia, nakuja. Yuko salama, anakula, na amenenepa kidogo. Sifa hiyo ni yangu.

Unanijua, nimeendesha lori hadi mahali ambapo ramani iliishiwa wino. Nimesikia bendi za kila lugha, nimecheza kwenye kumbi ambazo wenyewe walinisihi nirudi, na moja ambayo walinisihi nisirudi. Nilidhani hakuna muziki uliobaki wa kunishangaza. Jana mpwa wangu kanishangaza, kwa hiyo samehe mwandiko. Shule yenyewe niliiacha kabla haijaniacha.

Alipofika na ile fidla ya baba yake nilimpa chumba cha nyuma ya stoo ya vipuri. Jioni akifanya mazoezi, mafundi wangu wanashusha spana wasikilize. Siku moja nimelala chini ya gari, akaja akachuchumaa karibu na miguu yangu, akasema, "Mjomba, kule wananiuliza nimetoka wapi. Huku wananiuliza narudi lini."

Nikatoka chini ya gari. Mambo mengine hayajibiwi mtu akiwa chali.

Akanieleza kwamba kwenye onyesho la muziki pale chuo cha ufundi ataimba ule wimbo wako wa kutwangia, ule wa Mama, pamoja na fidla. Kama akiuimba mbele ya watu wa nyumbani akajiona ameuazima tu, hatauimba tena maisha yake. Atabaki na nyimbo za kwao baba yake. Nikamwambia asiogope, mjomba wake anajulikana. Lakini mwenyewe niliogopa. Wimbo ule nilikuwa nausikia kupitia ukutani kila jioni, na kuna kitu hakimo, kama injini inayokwenda huku plagi moja imekufa. Sikujua ni nini. Nyinyi mlipokuwa mkitwanga, mimi nilikuwa nimejificha nisitumwe maji.

Jana mchana Dada Mkubwa akamleta Mama, maana Mama yuko kwake tangu goti lianze. Tukakaa mstari wa tatu, ukumbi wa chuo cha ufundi, viti vya plastiki, feni moja inazunguka kwa huruma. Mshereheshaji akamtangaza mwanao kuwa "mgeni wetu kutoka ng'ambo". Nikaona mabega yake yanashuka. Nyuma yangu fundi cherehani wa mtaani kwetu akamnong'oneza mwenzake, "Sasa huyu atatuimbia ya kwetu au ya kwao?"

Nikageuka. "Ya kwa mjomba wake. Nyamaza."

Akaanza. "Nani huyo mlangoni?" Sauti ni yako, mdogo wangu, ile ya kabla hujaondoka. Kisha akanyamaza, fidla ikaingia na kitu cha kwao kina shemeji, kirefu, kipole. Akarudi, "Nani huyo mlangoni?" Fidla tena. Watu wametulia kwa adabu, ile adabu ya kumsikiliza mgeni. Nikamwona anazitafuta nyuso zetu, upinde wa fidla unaanza kushuka. Nikasema moyoni, basi, anauacha.

Alipouliza mara ya tatu, Mama akajibu.

Hakusimama, goti halimruhusu. Alijibu pale pale kitini, mikono mapajani, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa na kinu. "Ni wetu, mfungulieni." Dada Mkubwa akaidaka.

Mwanao akasimamisha upinde. Mdogo wangu, alikuwa hajui. Hakujua kwamba wimbo huo una jibu. Aliniambia baadaye kwamba huko kwenu unauimba jikoni, unauliza, unanyamaza kidogo, unauliza tena. Yeye akadhani ndivyo ulivyo. Na baba yake, yuko sebuleni na fidla, pale unaponyamaza akawa anapajaza kwa alichokuwa nacho, cha kwao. Mtoto akakua akijua huo ndio wimbo mzima.

Akauliza tena, sasa anamtazama Mama. Mama akajibu, na safari hii fidla haikumpisha, ikapita chini ya sauti yake, kwao shemeji na kwetu pamoja, wala nyimbo hizo hazikugongana. Zilijuana wapi, sijui. Mimi ninayejua kila mlio wa chuma sina maelezo. Mwili ulinisisimka hadi kwenye upara. Jibu lenyewe jepesi, hata asiyelijua analidaka, basi mstari wa nyuma ukaitikia, kisha ukumbi wote, na fundi cherehani kuwashinda wote, mnafiki mkubwa yule. Mtoto anauliza, na watu ambao hawajawahi kumwona wanamjibu kwamba ni wa kwao.

Aliposhuka jukwaani alikuja kukaa sakafuni, kichwa kwenye lile goti zima la Mama. Sikumuuliza kama ameuazima.

Ila nimekufikiria sana wewe. Miaka yote hiyo uliacha upande wetu wazi, hukuujaza kwa sauti yako.

Msalimie sana shemeji. Mwambie kazi ya kutushikia nafasi kaifanya vizuri, sasa wenyewe tumefika, na asithubutu kuacha kupiga. Dada Mkubwa anakusalimu. Mafundi wangu wote wanakusalimu, wanadhani umri wako ni ule wa kwenye picha yako ya ujana iliyo ukutani hapa gerejini. Mungu awafunike nyote kwa blanketi zito kuliko lolote la dukani.

La mwisho ni la Mama, kaniagiza niliandike kama alivyolisema. Jumapili ukipiga simu, usianze na salamu wala habari za afya. Anza wimbo. Atakuwa amekaa karibu na simu.

Akupendaye hata usipomsifu,
kaka yako,
Honi